Mkate wa Philadelphia na ulimi wa mteja

Wiki hii tunaongea juu ya chakula ambacho wengi wetu hatujakionja, lakini vitu vyake vyote tunavijua: mkate, nyama ya ng'ombe, kitunguu na fromaji. Watu wa mji wa Philadelphia, kule Marekani, wanavitia pamoja na kuviita cheesesteak. Tumeona ndani yake mafundisho mawili kwa mama anayeuza chakula. La kwanza ni la jikoni. La pili ni la namna ya kupokea mteja, na hilo ndilo zito zaidi.

Tuanze na asili yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 Pat Olivieri, mtu wa ukoo wa Kiitalia, alikuwa akiuza mikate ya soseji karibu na soko la Waitalia, kusini ya Philadelphia. Siku moja alichoka kula soseji zake mwenyewe. Akakaanga nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba pamoja na vitunguu, akaitia ndani ya mkate. Dereva wa taksi akasikia harufu, akaomba naye atengenezewe. Alipoonja akamshauri Pat aache soseji, auze hiyo. Fromaji haikuwemo wakati huo. Iliongezwa miaka iliyofuata.

Hata leo nyumba nyingi zinazouza mkate huu ni ndogo: dirisha moja, bamba la chuma la moto, meza chache ao hakuna kabisa. Wateja wanapanga mstari. Ukifika mbele unataja aina ya fromaji, kisha unasema kama unataka vitunguu ao hutaki. Maneno mawili, matatu, basi. Unapewa mkate ndani ya karatasi, ungali moto. Wazoefu wanaula wakiwa wameinama mbele kidogo ili mafuta yadondoke chini, yasichafue nguo.

Fundisho la jikoni ni hili. Nyama iliyokatwa nyembamba sana, kwa kukingama na nyuzi zake, inaiva kwa dakika chache na haiwi ngumu. Mama anayepika kwa makala anaelewa faida yake: moto wa muda mfupi, na nyama kidogo inajaza mkate. Tena muuzaji hana sahani kumi za kupika tangu alfajiri. Ana chakula kimoja anachokijua vizuri, na kila mteja anajua atapata nini. Kwa kikundi chenye mtaji mdogo wa likelemba, kuanza na chakula kimoja kunapunguza hasara ya vyakula vinavyobaki jioni. Anayetaka kujaribu, fromaji ya Masisi inayeyuka vizuri juu ya nyama ya moto.

Sasa tuje kwenye fundisho la pili. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Pat, kuna duka lingine linaloitwa Geno's, lililofunguliwa na Joey Vento mwaka 1966. Mwaka 2006 duka hilo lilitajwa katika habari za nchi nzima, na sababu haikuwa nyama. Ilikuwa kibao kidogo kilichowaambia wateja kwamba hapa ni Marekani, waagize kwa Kiingereza. Vento mwenyewe alikuwa mjukuu wa watu waliotoka Sicily, Italia. Alijitetea kwamba hakuna mteja aliyewahi kufukuzwa. Mashitaka yalifika mbele ya tume ya mji inayoshughulikia haki za watu, na mwaka 2008 tume iliamua kwamba kibao hakikuvunja sheria. Vento alifariki mwaka 2011. Kibao kiliondolewa mwaka 2016.

Wamama, tufikiri kidogo. Kibao kile kiliandikwa kwa Kiingereza. Mama mgeni asiyejua Kiingereza hakuweza kukisoma. Aliyeweza kumsomea ni mtoto wake, anayejifunza Kiingereza kwenye masomo. Basi mtoto anasimama kwenye mstari, anasoma kwamba mama yake angepaswa kuongea lugha nyingine, na pengine anaamua kunyamaza ili asimwumize. Tume ilipima sheria. Aibu ya mtoto yule haikuwa na mahali pa kupimwa.

Jambo hili linatugusa, kwani wengi wa ndugu zetu wa Mashariki ya Congo wamepokelewa Pennsylvania, jimbo lenye mji wa Philadelphia. Mwenzetu mmoja aliyehamia huko na watoto wake alitueleza siku ya kwanza alipoingia katika duka dogo la mikate hii, kwenye mtaa wake. Mtoto wake wa miaka kumi alitaka kumsemea. Muuzaji akamwambia mtoto kwa upole angoje. Akamwonyesha mama fromaji moja moja kwa kidole, kisha kitunguu, akangoja mama aitikie kwa kichwa. Watu wa nyuma walikuwa wengi, lakini hakuharakisha. Mwenzetu alisema mkate ule waliugawanya vipande vitatu, na kwamba tangu siku ile anakwenda kuagiza mwenyewe. Maneno yake ya kwanza ya Kiingereza aliyapatia pale.

Na kwetu je? Hatuna vibao vya namna hiyo kwenye malewa zetu, lakini kuna kicheko. Siku ya soko mama anafika kutoka Walungu na mzigo wake, anaomba sahani ya ugali na sombe kwa Mashi, ao kwa Kiswahili cha kuchanganya. Kijana anayegawa chakula anamwigiza sauti, wateja wanacheka. Mama analipa, anakula upesi, hageuki nyuma. Kesho yake atakula muhogo wake kando ya barabara, na malewa imepoteza mteja. Kama alikuja na binti yake, binti amejifunza kwamba lugha ya nyumbani ni kitu cha kuficha. Sisi tunaoshika chaki tunawaona watoto hao darasani: wanajua jibu, lakini hawainui mkono.

Kwa hiyo tunawaomba wamama wenye malewa wajaribu mambo matatu wiki hii. Panga vyakula mahali mteja anapoviona, aweze kuonyesha kwa kidole. Jifunze salamu katika lugha mbili ao tatu za watu wanaokuja kula kwako. Na kijana anayegawa sahani aambiwe mapema kwamba kumwigiza mteja ni kosa, sawa na kumwibia chenji.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:
1. Ni wapi katika mji wetu mama anaona haya kufungua kinywa kwa sababu ya lugha yake? Ni malewa, ofisi, kituo cha afya, ao mkutano wa wazazi?
2. Mtoto akimsemea mama yake kila mahali, mama anapoteza nini? Mtoto anabeba nini?
3. Kikundi chetu kingeuza chakula gani kimoja, na kwa mtaji gani?

Leteni majibu yenu kwenye mkutano. Tutayasoma pamoja wiki ijayo.