TUNASOMA ILI IWEJE?



Wapenzi wanafunzi, sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka huu tukiwa wazima. Kila mwaka katika ukurasa huu sisi walimu huwapa nyinyi nasaha. Leo tutaanza kwa kujisema wenyewe.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi mzito wa kuhifadhi. Katika Juzuu Amma alipanda kutoka Surat An-Nas mpaka akafika Al-Mutaffifin, sura ya 83, yenye aya 36. Baada ya hiyo zilimbakia tano tu amalize juzuu. Hapo akakwama. Siku moja tukamwambia mbele ya wenzake kuwa anatupotezea wakati. Akafunga juzuu lake, akatoka. Hakurudi, wala hatukwenda kwao kumuuliza.

Mwaka huu tulikwenda sokoni kununua maharage. Tukalipa, tukaondoka. Mara muuzaji akatufuata mbio, mkononi ana mfuko mdogo.

"Shikamoo maalim. Samahani, jiwe la mizani nililotumia silo. Nimekupunja robo kilo, hii hapa."

Tukamtazama vizuri. Ni yeye! Tukamuuliza kama anatukumbuka.

"Nakukumbuka sana, maalim. Sura ile sikuimaliza, lakini ulitueleza kuwa inawaonya wenye kupunja vipimo. Hilo ndilo nililotoka nalo."

Ndugu wanafunzi, tulikosa la kujibu. Wapo tuliowapa zawadi kwa kuisoma sura hiyo bila kosa hata moja, na leo watu wanalalamika kuwa wamekula amana zao. Je, ni nani hasa aliyeisoma?

Hatusemi kuwa kuhifadhi hakuna maana. Kuhifadhi Qurani ni heshima kubwa. Wala hatusemi msijali mitihani ya skuli, kwani dunia nayo ina haki yake na cheti hufungua milango. Tunachosema ni kwamba elimu isiyoonekana katika mizani, katika deni na katika ulimi wa mtu, bado haijamfika. Na kisingizio cha kutojua Kiarabu hatuna. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwalimu mwenzetu wa Zanzibar, alituachia tafsiri kamili ya Qurani kwa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1969. Basi kila mnapohifadhi sura, someni na maana yake, kisha mjiulize: kesho nitafanya nini kwa ajili ya sura hii?

Na sisi walimu tunajiwekea masharti mawili. Mwanafunzi mzito hataaibishwa tena mbele ya wenzake. Na akikosekana wiki moja, tutakwenda kwao kubisha hodi.

Yule kijana tulimwomba radhi pale pale sokoni, akatusamehe. Tukamwomba arudi amalize zile sura zilizobaki. Akasema jioni ndiyo biashara yake, lakini atamleta mwanawe. Amemleta. Jina lake hatulitaji, asije akaona haya. Naye ni mzito kidogo wa kuhifadhi, kama babake. Safari hii tutakwenda naye polepole, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.