Uyoga na Deni la Ogoni



Katika misitu ya kusini mwa Nigeria huota uyoga ambao wenyeji wameula na kuufanyia dawa tangu enzi za mababu. Hula magogo yaliyooza, na chini yake hujiwekea akiba katika donge gumu mfano wa kiazi, ambalo akina mama huliuza sokoni. Wataalamu huuita Pleurotus tuber-regium. Mwaka 2003 watafiti wa Kinigeria walichapisha matokeo ya jaribio lao: uyoga huo ulipostawishwa katika udongo uliochafuliwa kwa mafuta ghafi, kunde zilizopandwa humo baadaye ziliota na kukua vizuri zaidi.

Siri yake imo katika ulaji wake. Ili kuuozesha mti, nyuzi zake hutoa vimeng'enya vyenye nguvu ya kuvunja lignini, kile kinachoupa mti ugumu wake. Vimeng'enya hivyo havichagui sana; huvunja pia baadhi ya sumu za mafuta, na bakteria wa udongoni humalizia kazi.

Tunalifurahia jambo hili. Hata hivyo, twahofia matumizi yake mabaya, na Ogoni ndiyo sababu.

Nchi ya Ogoni, katika jimbo la Rivers, ndiko alikotoka Ken Saro-Wiwa, aliyenyongwa pamoja na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995 baada ya kuwatetea watu wake. Uchimbaji ulikuwa umesimama tangu 1993, lakini sumu haikusimama. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake: huko Nisisioken Ogale watu walikunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kulikuwa na sehemu 49 ambako mafuta yalikutwa yamezama mita 5 au zaidi. Ripoti hiyo hiyo iliilaumu njia iliyokuwa ikitumika, yaani kuulima udongo wa juu na kuutia mbolea, kisha kuuachia hewa na bakteria.

Basi uyoga nao huhitaji hewa. Hauwezi kushuka mita 5. Sharti kwanza udongo ufukuliwe na kuchanganywa na maranda au mabua, nayo ni kazi ya mitambo na fedha nyingi. Aidha, metali nzito hazivunjwi. Uyoga huzifyonza tu, kwa hiyo uliooteshwa katika udongo wa namna hiyo haufai kuliwa. Ni nani atakayeulinda mahali ambapo mama mwenye njaa anautambua kuwa ni kitoweo? Wala hakuna uyoga unaoziba bomba linalovuja. Anayewapa wanakijiji mbegu za uyoga huku akikwepa gharama za kufukua, amewatwisha wao deni lake.

Nasi tusidhani haya ni ya mbali. Bomba la mafuta ghafi la km 1,443 limepangiwa njia kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Viongozi wa walei katika parokia za njiani hawana budi kuuliza mapema: je, udongo na maji ya visima vyetu vimepimwa kabla ya mafuta kupita, na nakala ya vipimo hivyo iko mikononi mwa nani?