Sikuwa mjanja, nilikuwa nadaiwa kodi

Wiki hii kuna meseji imeingia kwa inboksi yangu na imeninyima usingizi. Ni kijana wa mwaka wa kwanza, chuo sitakitaja. Anasema: "Bro, HELB imeingia. Nifundishe hiyo biashara ya skini. Si wewe uliacha chuo na uko sawa?"

Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Hii posti ndiyo jibu lake, na jibu la kila mtu ambaye tangu Oktoba 2025 ananiita jiniasi.

Kwa wale hawachezi, wacha nieleze haraka. Kuna gemu inaitwa Counter-Strike 2, ya kampuni ya Valve kule Marekani. Tangu Agosti 2013 unaweza kuipaka bunduki yako rangi na michoro. Hiyo ndiyo skini. Haikuongezei shabaha, haikuongezei risasi. Ni urembo tu. Lakini zinauzwa na kununuliwa kati ya wachezaji, na kuna visu vya bei ya gari.

Hata uchakavu uko na namba, kutoka 0 hadi 1. Ikiwa chini ya 0.07 inaitwa Factory New. Ikichakaa kabisa ni Battle-Scarred. Kama umewahi kuamka saa kumi na moja kwenda Gikomba kungoja belo ifunguliwe, hii lugha unaijua tayari. Factory New ni kamera. Battle-Scarred ni fagia. Na kama Gikomba, pesa iko kwa yule anajua kutofautisha hizo mbili kabla mwenzake hajashtuka.

Hapo ndipo mimi niliingia. Sitadanganya, nilipata pesa. Nilikuwa nanunua skini ambazo muuzaji hakuwa ameangalia namba yake vizuri, nangoja, nauza. Polepole nikafika mahali pa kumiliki kisu. Kisu kimoja, si cha bei kubwa. Nikakiweka kwa video, nikakipa hadi jina.

Sasa story ambayo watu wanaipenda. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba 2025, kwa saa zetu, Valve walitoa apdeti. Kabla ya hapo, kisu au glavu zilitoka kwa makasha pekee, na kwa nadra sana. Baada ya hiyo apdeti, ukiwa na skini 5 nyekundu, zile za daraja la Covert, unazibadilisha unapata kisu au glavu. Basi. Sentensi chache kwa orodha ya mabadiliko. Bei za visu zikaporomoka, za nyekundu zikapaa. Wanaofuatilia bei walikuwa wanalihesabu soko lote kuwa takriban dola bilioni 6. Ndani ya siku mbili hivi, zaidi ya bilioni moja na nusu zilikuwa zimeyeyuka.

Na mimi? Nilikuwa nimeuza kisu changu wiki mbili kabla.

Komenti zikafurika. "Huyu msee aliona mbele." "Jiniasi." Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikaweka emoji ya miwani. Leo nasema: sikuona kitu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili na caretaker alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina langu la kitambulisho. Niliuza kisu kwa haraka, tena kwa bei ya kuumia. Deni ndilo liliniokoa. Kama ningekuwa na pesa mwezi huo, ningekuwa nimekikumbatia mpaka asubuhi.

Najua mtu atasema, "Hata hisa huanguka." Ni kweli. Lakini hisa ni kipande cha kampuni, na kuna sheria na kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Skini kwa makubaliano unayobonyeza bila kusoma ni leseni ya kuitumia, si mali yako. Aliyetengeneza soko ndiye anatengeneza bidhaa, ndiye anaandika kanuni, na hakosei kuzibadilisha kwa sababu ni gemu yake. Visu vilikuwa ghali kwa sababu vilikuwa adimu, na vilikuwa adimu kwa sababu mtu mmoja ofisini aliamua hivyo. Siku akiamua vingine, huna wa kuuliza.

Halafu kuna ile hesabu hakuna mtu huonyesha kwa video. Kwa soko rasmi la Steam, kitu ukikinunua kwa dola 11.50, aliyeuza anapata 10. Kwa hivyo ndiyo urudishe pesa yako tu, bila faida, lazima bei ipande hadi kama dola 13.20. Na hiyo pesa inabaki ndani ya Steam. Haitoki kwenda benki, haiji kwa simu. Ukitaka pesa ya kununua unga, lazima utoke nje ya soko rasmi, ukutane na watu. Huko nje ndiko mimi niliwahi kutumiwa skrinshoti ya malipo na msee mpole sana, nikampa skini, na mpaka leo hizo pesa ziko njiani.

Makasha ndiyo mabaya zaidi. Ufunguo mmoja ni dola 2.49. Uwezekano wa kupata kisu au glavu, kwa takwimu zilizotolewa China mwaka 2017 baada ya sheria ya huko kulazimisha, ni asilimia 0.26. Hiyo ni kama mara moja kwa kila 385. Piga hesabu: funguo 385 ni karibu dola 960, zaidi ya shilingi laki moja na ishirini elfu, na bado hujalipia makasha yenyewe, na bado hakuna aliyekuahidi kitu. Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba hii ni kamari. Sisi huku tunaiita kontenti.

Na hapa lazima nijitaje. Kuna video yangu nafungua kasha, napata skini nyekundu, napiga nduru. Hiyo ndiyo ilileta wafuasi wengi kuliko zote. Kile hamkuona ni makasha 60 niliyokata nikihariri, ambayo hayakutoa kitu cha maana. Sikudanganya kwa mdomo. Nilidanganya kwa mkasi. Nimeitoa hiyo video leo asubuhi.

Sasa ndugu yangu wa HELB, nisikize. Mimi sikuacha chuo juu ya skini. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo iligoma, na ningepewa nafasi ningerudi kesho. Na kile kinanilisha sahii si visu, ni kuhariri video za harusi na za maduka, kazi ambayo hakuna mtu hunitumia meseji kuniuliza juu yake. Skini zilinifundisha kungoja, kusoma bei, kutopenda bidhaa. Hayo ni masomo ya kweli na siyadharau. Lakini niliyasoma kwa pesa ambayo ikipotea, nalala njaa mimi peke yangu. Yako ni mkopo. Skini ikianguka, HELB hawataanguka nayo bei.

Ukipenda gemu, cheza. Ukipenda rangi ya bunduki, nunua moja ya bei ya chips, uifurahie kama unavyofurahia viatu. Lakini hiyo pesa iliyoingia, lipa karo kwanza, na hosteli, halafu unitumie risiti. Ukinitumia, nitakufundisha kuhariri video bure, Jumamosi yoyote utakayochagua.

Na hiyo miwani ya kwa emoji nimeivua.