Kumpokea Mbwa Asiye na Mwenyewe: Tupige Hesabu Kwanza



Kila mwaka, likizo kuu ikiisha, jambo moja hurudi katika mitaa yetu. Mtoto wa mbwa aliyeokotwa kando ya soko mwezi wa saba, akabebwa nyumbani kwa shangwe na kupewa jina, mwezi wa tisa anaonekana tena barabarani. Amekua kidogo, amekonda, na sasa amezoea kuwafuata watoto. Waliomwokota hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa na huruma, lakini hawakupiga hesabu.

Maoni yangu ni haya: huruma isiyopiga hesabu humdhuru mnyama, na mara nyingine humdhuru mtoto wa jirani. Katika miji yetu, nyumba za kuhifadhi wanyama waliotupwa ni chache mno. Mbwa asiye na mwenyewe huja kwetu moja kwa moja kutoka barabarani, au kutoka kwa jirani anayehama, bila mtu wa kutuuliza kama tuko tayari. Basi ni lazima tujiulize wenyewe.

Hesabu ya kwanza ni ya miaka. Mbwa anayetunzwa vema huweza kuishi miaka 10 hadi 13, na pengine zaidi. Kijana wa miaka 16 anayempokea leo atakuwa anakaribia miaka 30 mbwa huyo atakapokufa. Katika muda huo atapata diploma ya Serikali, ataenda kusoma au kutafuta kazi katika mji mwingine, labda atafunga ndoa. Nani atabaki na mbwa? Kwa sababu hiyo uamuzi huu si wa mtoto mmoja aliyeguswa moyo. Ni wa nyumba nzima: mama anayegawa chakula, baba, wadogo, hata mwenye nyumba kama mnapanga. Mmoja wao akikataa, msimlete mbwa kwa siri mkitumaini kwamba atazoeleka.

Hesabu ya pili ni ya chakula na mahali. Mbwa haishi kwa makoko ya ugali pekee. Ugali uliochanganywa na ndagala au matumbo yaliyopikwa humfaa, pamoja na maji safi kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti na kumchoma ndani. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Kuhusu mahali, wengi wetu humfunga mbwa kwa mnyororo mfupi tangu asubuhi hadi jioni, tukidhani ndivyo anavyokuwa mlinzi hodari. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa sababu ya hofu, na hofu haichagui kati ya mwizi na mtoto aliyeingia uani kuchukua mpira wake.

Hesabu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, hadi 99 waliambukizwa na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaokufa, takribani 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu huzuilika. Mbwa hupata chanjo ya kwanza akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa kadiri daktari wa mifugo anavyoagiza, na kadi yake hutunzwa kama kadi ya mtoto. Mbwa aliyetoka barabarani apelekwe kwa daktari huyo kabla ya kuachwa acheze na wadogo zenu. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama ataugua.

Hesabu ya nne ni ya uzazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto kadhaa kila mara. Anayempokea jike mmoja bila kufikiri juu ya kumfunga uzazi anaweza kuwatupa barabarani wengi kuliko aliyemwokoa.

Najua pingamizi mtakalosikia nyumbani: katika nchi ambamo watoto wanalala njaa, mbwa ni nini? Swali hilo ni la haki, wala tusilicheke. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2418, inashika pande zote mbili: si halali kuwatesa wanyama bure, na pia haifai kuwatumilia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Ndiyo maana sisemi kila nyumba ichukue mbwa. Nyumba isiyoweza, isimchukue, na hapo haitendi dhambi yoyote. Lakini tukumbuke ni nani anayeumwa na mbwa wasiotunzwa. Ni mtoto anayekwenda shule kwa miguu, na si kila kituo cha afya kina dawa ya kumwokoa. Kumchanja mbwa ni kumlinda mtoto huyo kwanza.

Tena tusichanganye kukimbia na kutupa. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Aliyembeba mtoto mgongoni akamwacha mbwa, nani atamlaumu? Lakini anayehama kwa amani, akiwa na gari la mizigo na wiki nzima ya kujitayarisha, hana udhuru huo. Ahadi ni deni, hata kwa asiyeweza kudai.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana na kichaa cha mbwa. Kabla ya hapo, kila kikundi kihesabu mbwa walio katika mtaa wake, wenye chanjo na wasio nayo, kisha kizungumze na daktari wa mifugo kuhusu siku moja ya kuwachanja pamoja. Hata asiyeweza kufuga anaweza kusaidia hapo.

Kitabu cha Tobiti kinamtaja mbwa aliyefuatana na Tobia alipoanza safari, na kinamtaja tena Tobia anaporudi kwa wazazi wake. Katika njia ile yote ndefu, hakuachwa.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika mtaa wetu, mbwa wasio na wenyewe wanatoka wapi hasa?
2. Nyumbani kwangu, nani angemtunza mbwa siku nitakapoondoka kwenda kusoma?
3. Je, tunajua mahali penye chanjo ya mbwa, na mahali penye chanjo ya mtu aliyeumwa?