MOTOKAA KUUKUU, KODI MPYA



Motokaa inayoshushwa katika bandari ya Malindi, Unguja, baada ya kutumika miaka kumi na zaidi huko Japani, si lazima iishie Unguja. Huenda ikavuka bahari, ikapita Dar es Salaam na Dodoma, ikafika Manyoni, na kutoka Manyoni ikaingia mji wa Singida, kwenda kubeba vitunguu, mafuta ya alizeti na abiria. Njiani hubadili mwenyewe, na hubadili kibao: Z ya Zanzibar huondoka, T ya Tanzania Bara ikakaa mahali pake. Lisilobadilika ni gari lenyewe. Basi twauliza: gari hilo hilo, ndani ya Jamhuri hiyo hiyo, lihesabiwe kodi mara ngapi?

Huenda mwanachama akasema: sisi watu wa visiwani yatuhusu nini mambo ya Singida? Yatuhusu sana. Mnunuzi wa Singida ni mteja wa mfanya biashara wetu. Akitishwa na hesabu asiyoijua mwisho wake, haji kununua kwetu, na mwenye gari wa huku hubaki nalo likila jua na chumvi. Tena mbaya zaidi, gari la kibao cha Z likishaonekana huko kuwa gari la mashaka, jina letu sote huwa la mashaka. Mlango wa biashara ukifungwa kwa sheria, hufunguliwa kwa sheria. Ukifungwa kwa dhana, haufunguki upesi.

Yafaa kwanza tujue jambo hili limetoka wapi. Mkataba wa Muungano wa mwaka 1964 uliyataja mambo 11 kuwa ya Muungano, na ushuru wa forodha ukawamo. Kodi ya mauzo haikutajwa. Bara iliendelea na Sheria ya Kodi ya Mauzo ya mwaka 1976 hata tarehe 1 Julai 1998, ilipoanza Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo watu wote huiita VAT. Zanzibar nayo ikatunga sheria yake ya kodi hiyo mwaka 1998. Kwa hiyo forodha ni moja, bali kodi ya mauzo ni mbili, kila moja na sheria yake na kiwango chake: Bara asilimia 18, Zanzibar asilimia 15. Sisi hatusemi kwamba kuwa na sheria mbili ni kosa. Mamlaka ya Zanzibar juu ya kodi yake ni haki yake, wala hatutaki iondolewe. Twasema tu kwamba penye sheria mbili pana mpaka, na mpaka usiotengenezewa mlango ulio wazi humuumiza apitaye.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa maneno bila hesabu hayamsaidii mnunuzi. Tuchukue gari la injini ya sentimita 1,500 za ujazo, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na nauli na bima hadi bandarini ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kadiri hiyo ni asilimia 5, nao huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha, yaani shilingi 625,000. Kisha huja ushuru wa uchakavu, asilimia 30, kwa hesabu ile ile: shilingi 3,750,000. Jumla imekwisha kuwa shilingi 16,875,000, na ni juu ya jumla hiyo, si juu ya bei ya gari, ndipo VAT inapohesabiwa. Kwa asilimia 18 ni shilingi 3,037,500. Ada ndogo ndogo hatukuzitia. Gari la milioni kumi limekwisha dai kodi ya shilingi 9,912,500.

Mwenye kusoma kwa makini ataona jambo moja. Lau VAT ingehesabiwa juu ya thamani ya gari peke yake, ingekuwa shilingi 1,800,000. Zilizozidi, shilingi 1,237,500, ni kodi inayotozwa juu ya kodi. Na ataona jambo la pili: ushuru wa uchakavu umewekwa ili kupunguza magari makuukuu barabarani. Kenya hukataa kabisa gari lililopita miaka 8. Sisi hatulikatai, hulitoza. Basi mwenye uwezo hununua gari jipya zaidi akaepukana na asilimia 30, na mnyonge, asiyeweza ila lililochakaa, ndiye alipaye.

Sasa gari hilo tulivushe bahari. Tuchukulie kwamba ushuru wote wa awali ni ule ule, ila VAT imelipwa Zanzibar kwa asilimia 15, yaani shilingi 2,531,250. Likifika Bara, tofauti ya viwango viwili ni shilingi 506,250. Tofauti hii twaweza kuielewa. Lau isingetozwa, kila mwingizaji angeikimbia bandari ya Dar es Salaam, na aliyelipa kwa uaminifu huko angeonekana mjinga. Mtu muadilifu hadai haki yake kwa kuvunja ya mwenzake.

Lakini shida kubwa haimo katika asilimia 3. Imo katika thamani. Malalamiko ya miaka mingi ya wafanya biashara wetu ni kwamba mali iliyokwisha thaminiwa Zanzibar huthaminiwa tena Dar es Salaam, ikaonekana kuwa ya thamani kubwa zaidi. Jawabu la wakusanyaji kodi limekuwa hili: hiyo si kodi mara mbili, ni tofauti tu. Na iwe tofauti; tuitazame ukubwa wake. Gari letu likithaminiwa upya kuwa la shilingi 13,000,000, kwa viwango vile vile vya Bara kodi yote huwa shilingi 12,886,250. Thamani imepandishwa kwa shilingi 3,000,000, na kodi imepanda kwa shilingi 2,973,750. Yaani kila shilingi inayoongezwa kwa kalamu ya mthamini humtoa mnunuzi shilingi nyingine karibu nzima. Mtu wa Singida aliyeuza vitunguu vya msimu mzima ili apate gari, atazitoa wapi fedha hizo, hali ya kuwa amekwisha lipa bei na gari limezuiliwa gatini?

Si ajabu basi kwamba suala la kodi za bidhaa zitokazo Zanzibar, na lile la usajili wa vyombo vya moto, yametajwa mara nyingi katika orodha ya kero za Muungano. Kamati zimekaa, taarifa zimesomwa. Lakini mnunuzi hapandi taarifa.

Twadai mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, thamani ya gari ikishakubaliwa na forodha katika bandari moja ya Jamhuri, iheshimiwe katika bandari zote. Ikiwa pana udanganyifu, aandamwe aliyedanganya wakati wa kuingiza, si aliyenunua baadaye kwa nia njema. Pili, kodi iliyolipwa Zanzibar ikatwe yote, kwa risiti, katika kodi inayodaiwa Bara, na tofauti ya kiwango ijulikane kabla gari halijapakiwa. Tatu, hesabu yote ibandikwe kwa Kiswahili bandarini na katika ofisi za kodi za mikoa, ili mtu wa Iramba au wa Ikungi aijue kabla hajafunga safari. Wawakilishi wetu katika Baraza na wabunge wetu huko Dodoma wayasimamie haya, nasi tutawauliza.

Nasi wenyewe tunao wajibu. Yafaa kila mwanachama ajue kwamba VAT hutozwa na mfanya biashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo tu. Mtu binafsi anayeuza gari lake alilokuwa akilitumia hana VAT ya kumtoza mtu; akisema bei yake "ni pamoja na VAT", fedha hiyo haiendi Hazina, yaenda mfukoni mwake. Muuzaji aliyesajiliwa naye hutoza juu ya bei ya kuuzia, kisha hukata ile aliyokwisha lipa bandarini. Kwa mfano, mfanya biashara wa Bara akiliuza gari letu lile lile shilingi 20,000,000, VAT ni 3,600,000; amekwisha lipa 3,037,500; anayopeleka Hazina ni 562,500 tu. Mnyororo huo wa kukata na kulipa hushikana kwa karatasi. Pete moja ikikosekana, kodi hulipwa upya, na mlipaji ni wa mwisho.

Kwa hiyo usinunue gari, wala usimuuzie mwenzako wa Bara, pasipo hati ya forodha, risiti za kodi zote, risiti ya mashine yenye bei ya kweli, na kadi ya usajili. Anayeandika bei ndogo katika risiti ili kukwepa kodi huwapa wathamini silaha ya kutupigia sisi sote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatuombi hisani, wala hatutaki mtu wa kisiwani asamehewe anacholipa mtu wa Singida. Twataka yule wa Singida na huyu wa Unguja na Pemba walipe kodi moja, kwa hesabu moja, mara moja. Jamhuri iliyoweza kuwa na bendera moja haishindwi kuitambua risiti yake yenyewe.