Sabufa Uwandani Makonde: Chujio Kabla ya Kishindo

Katika nyumba nyingi za Newala na Masasi, kama ilivyo kwingineko nchini, chombo cha muziki siku hizi ni sabufa: sanduku moja la spika nene likaalo sakafuni, pamoja na vijisanduku viwili au zaidi vya spika ndogo. Chombo hicho huhudumia sebule siku za kawaida, na siku ya shughuli hutolewa uani kikahudumia kijiji. Mkulima wa Chilangala anayekinunua kwa fedha ya korosho amelipia vitu vitatu kwa pamoja, yaani spika, kikuza sauti na machujio ya kugawa sauti baina ya spika. Viwili vya kwanza anavijua. Cha tatu hakimshughulishi, wala hajapata mtu wa kumweleza. Kwa hiyo kitufe cha besi huzungushwa hadi kikomo, cha trebo vilevile, na chombo huachwa kinguruma. Desturi hiyo ni kosa la fizikia kabla ya kuwa suala la ladha, na mahali pa kuisahihisha ni shule ya sekondari.

Linaloshangaza ni kwamba watu wa uwanda huo wana ujuzi wa siku nyingi wa kugawa sauti. Wamakonde hawachezi kwa ngoma moja. Zipo ndogo zenye mlio mkali, zipo za kati, na zipo kubwa zenye mlio mzito. Kila moja ina zamu na kauli yake, na mchezaji husikiliza zote bila kuzichanganya. Kabla ya kuanza, mpigaji huipeleka ngoma yake motoni, akaigonga, akasikiliza, akairudisha motoni tena, mpaka ngozi ikazike kiasi anachotaka. Umande wa usiku ukiilegeza, hurudia kazi hiyo bila kuambiwa. Mtu huyo anarekebisha masafa, ingawa hatumii neno hilo.

Fizikia ya ngozi iliyokazwa inampa haki. Waya wa zeze hutoa mlio wa msingi pamoja na milio ya juu ambayo ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi. Ngozi ya duara haifanyi hivyo: kwa ngozi kamilifu ya kinadharia, milio inayofuata ule wa msingi ni mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30. Sikio huitambua ngoma fulani, na huutambua mkono ulioipiga, kwa milio hiyo ya juu na kwa mlio mfupi wa kiganja kinapogusa ngozi. Ukiiacha besi ikaifunika milio hiyo, ngoma tano huwa ngoma moja. Zamani, Radio Tanzania Dar es Salaam ilipopiga ngoma za makabila, kijiredio cha mkononi kilikuwa na kasoro ya upande wa pili: kilizitoa vizuri ngoma kali, lakini ile kubwa ilisikika kama mtu anayegonga meza nyumba ya jirani. Kijana wa leo ana chombo kinachoweza kumpa zote, naye anapewa ile kubwa peke yake.

Chujio la kugawa, ambalo mafundi huliita krosova, si jambo la miujiza. Kapasita huzuia mkondo wa masafa ya chini na kuruhusu wa masafa ya juu. Koili hufanya kinyume chake. Spika kali yenye ukinzani wa omu 8 ikitanguliwa na kapasita ya maikrofaradi 6.6, mgawanyo hutokea karibu na hezi 3,000, na chini ya hapo umeme unaoifikia hupungua kwa desibeli 6 hivi kila masafa yanapopungua nusu. Mwalimu atajaribu hesabu hiyo hiyo kwa hezi 80, ambako sabufa nyingi huwekewa mpaka: atapata kapasita ya maikrofaradi 250 na koili ya milihenri 16, yaani shaba nyingi na gharama nyingi. Ndiyo maana sabufa hugawa sauti mapema, kabla ya kikuza sauti, ambako umeme ni mdogo na vipande vidogo vya bei ndogo vinatosha.

Ugumu mkubwa uko pale spika mbili zinapokutana. Karibu na mpaka zote mbili hutoa mlio uleule, na milio miwili inaweza kusaidiana au kuuana. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, mhandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, alichapisha mpango aliousanifu pamoja na Russ Riley, ambamo kila upande hushuka hadi nusu ya wimbi pale mpakani, na pande zote mbili zikienda kwa hatua moja. Nusu na nusu hurudisha wimbi zima. Mpango huo ungali unatumika duniani kote. Lakini hauwezi kumsaidia mtu aliyeliweka sanduku popote alipopata nafasi. Katika hewa ya joto la kawaida la Newala, sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa mita 4.3. Sanduku likiwa nyuma ya vijisanduku kwa mita 2.15, mawimbi yatamfikia msikilizaji yakipingana, na besi itatoweka mahali penyewe wanapokaa wageni. Mwenye chombo hapo huongeza kitufe. Angelisogeza sanduku, au angegeuza nyaya mbili za spika, angeipata besi yake bila gharama.

Kuhusu ekwalaiza, hesabu yake ni ya kuogofya kwa mtu mwenye mtambo mdogo. Desibeli 3 za nyongeza huhitaji nguvu maradufu, na desibeli 10 huhitaji nguvu mara kumi. Kikuza sauti kinachotumia wati 10 kwa starehe kitadaiwa wati 100 ambazo hakina. Kitakata vilele vya wimbi, sauti itakwaruza, na koili za spika zitapata moto. Isitoshe, ili mlio uwe na ukali uleule masafa yanapopungua nusu, ngozi ya spika yapasa isogee mara nne zaidi. Ya hezi 80 ikisogea milimita 2, ya hezi 40 itadai milimita 8, na spika nyingi ndogo hazina nafasi hiyo. Kwa sanduku lenye tundu hali ni mbaya zaidi, kwani chini ya masafa ya tundu hewa haiishiki tena ngozi, nayo hupiga ovyo mpaka ichanike. Kwa mtambo wa aina hiyo busara ni kupunguza kilichozidi, na kuweka chujio la kuikinga sabufa na masafa isiyoyaweza. Hapo mtambo wa wati chache hutoa besi fupi na safi.

Hasara nyingine humpata asiyecheza. Mtambo uleule uliotumika harusini Jumamosi huazimwa Jumatatu kwa mkutano wa kijiji. Nguvu ya sauti ya mtu imo zaidi katika irabu, chini ya hezi 1,000. Lakini tofauti kati ya konsonanti kama s na sh imo juu, kwenye maelfu ya hezi, nayo ni dhaifu. Besi ikijaa, mganga anayetangaza sindano husikika akitangaza shindano. Msimamizi wa mtambo akiona watu hawaelewi huongeza sauti yote kwa jumla, na watoto waliokaa mbele hupata kipimo ambacho masikio hayakuumbiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kumbi na hafla: wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15. Mtambo uliowekwa vizuri haufiki huko ili ueleweke.

Wako watakaosema kwamba watu wanaipenda besi, na kwamba shule haina haki ya kuwafundisha watu starehe. Hoja hiyo ina uzito, wala hakuna anayetaka kuinyang'anya harusi ngurumo yake. Ila anayependa besi ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuijua krosova. Besi anayoisikia sasa kwa sehemu kubwa ni mvumo wa sanduku na wa kuta. Chumba cha urefu wa mita 7 huvuma chenyewe karibu na hezi 25 na 49, hata kama mpigaji hakuugonga mlio huo.

Tatizo la shule ni jingine. Mwanafunzi hukariri kanuni ya kapasita kwa ajili ya mtihani, na spika iliyokufa imelala stoo bila kufunguliwa. Kifaa cha maabara kinapokosekana, sababu inayotolewa ni umaskini, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini kwa somo hili kifaa kimekwisha nunuliwa, nacho kimo majumbani mwa wanafunzi. Kipingamizi cha kilo-omu 10 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 hufanya chujio lenye mpaka wa hezi 159. Kipingamizi cha pili cha namna hiyo kikiongezwa kwa mfuatano, mpaka hushuka hadi 80. Darasa lianze na hilo, vitufe vyote vya ekwalaiza vikiwa katikati. Kisha aitwe mpigaji ngoma wa kijiji aketi mbele ya sabufa, zipigwe ngoma zilizorekodiwa, naye aulizwe baada ya kila badiliko ni ngoma ngapi anazozisikia. Wanafunzi waandike idadi anayoitaja kando ya masafa ya mpaka, na jedwali hilo lipelekwe kwa fundi redio wa sokoni.