Daftari lisilo na nakala ni deni lisiloandikwa

Mwekezaji mdogo anapopima kampuni hutazama faida, gawio na madeni. Ni wachache wanaouliza swali la nne: seva ya kampuni hiyo ikianguka usiku huu, kesho asubuhi hesabu za wateja zitatoka wapi? Jibu lake halimo katika mizania, lakini kwa hakika ni sehemu ya madeni.

Mfano ulio wazi ni GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao. Usiku wa Januari 31, 2017, fundi wake aliyekuwa akirekebisha hitilafu alifuta hifadhidata katika seva isiyokusudiwa. Alipoisimamisha amri hiyo, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kulinda data zake, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindikana kimyakimya, kwa kuwa programu ya kunakili haikulingana na toleo la hifadhidata. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zikikataliwa njiani.

Kilichoiokoa ni bahati. Saa 6 hivi kabla ya ajali, nakala moja ilikuwa imechukuliwa kwa mkono kwa ajili ya majaribio. Kuirejesha kulichukua saa 18 hivi, na mabadiliko yaliyofanywa baada ya nakala hiyo kuchukuliwa yakapotea.

Ufaransa nayo ilipata somo lake. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg. Kampuni ilisimama tena, na Oktoba mwaka huo ikaingia soko la hisa la Paris kwa euro 18.50 kwa hisa. Walioumia zaidi ni wapangaji wake wasiokuwa na nakala kwingine. Mteja mmoja alikuwa amelipia huduma ya nakala, kumbe nakala zenyewe zilikuwa palepale penye moto. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru alipwe fidia. Fidia ni fedha, data hazirudi.

Kwa aliyekwisha kufikwa na ajali bila nakala, adui wa kwanza ni pupa. Kwanza ijulikane kilichokufa. Kama ni kifaa cha umeme au ubao mkuu, huenda diski ni nzima na ikasomeka katika mashine nyingine. Diski inayotoa mlio wa kugonga izimwe na ipelekwe kwa wataalamu. Katika diski za sumaku, kilichofutwa kwa kawaida hubaki mpaka kiandikwe juu yake. Kwa hiyo kusimika mfumo upya kwenye diski ileile ni kuzika mgonjwa angali anapumua. Itolewe nakala ya diski nzima, na kazi ifanywe juu ya nakala hiyo. Kurasa zilizokuwa wazi kwa umma huweza kuokotwa katika hazina ya Internet Archive, lakini hazina hiyo haina orodha ya wadaiwa wa mtu.

Wapo wakurugenzi wanaoona nakala ni gharama isiyoleta mapato. Hivyo ndivyo inavyosemwa pia kuhusu bima, hadi siku ya moto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkutano mkuu ujao, wenye hisa waulize mambo mawili: nakala za kampuni ziko jengo gani, na ni lini mara ya mwisho zilirejeshwa kwa majaribio? Mwenyekiti akishindwa kutaja tarehe, wenye hisa watakuwa wamepata jibu.